Seva ya Baraza la Malindi

Tarehe 11 Julai 2005, siku ya Jumatatu, Badar Zahor Msabah alikata leseni ya kuendesha huduma za intaneti katika nyumba ya marehemu baba yake, mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Leseni hiyo ingali imetundikwa ukutani, ndani ya fremu, juu ya kompyuta ya kwanza mkono wa kushoto. Wateja huisoma wakisubiri ukurasa ufunguke, na kwa kuwa kurasa hazina haraka ya kufunguka, baadhi yao wameihifadhi kwa moyo.

Chini ya ngazi, pale ilipokuwa mitungi ya maji ya kunywa, ipo kompyuta nyingine. Haina skrini. Imefunikwa kipande cha kanga kuikinga na unga wa chokaa unaodondoka darini, na haijapata kukodishwa. Kwa miaka mitatu mashine hiyo ilikuwa seva ya mchezo wa kupigana risasi: ndiyo iliyowakutanisha wachezaji walio mbali mbali katika uwanja mmoja, ikapokea kila hatua na kila risasi, ikaamua nani kampata nani. Wachezaji walikuwa wanne. Badar alikaa chumba kile kile ilimo mashine. Wenzake watatu walikuwa Maskati, London na Toronto.

Mwezi uliopita wanne hao walilazimika kuamua seva yao ikae wapi. Kwa mtu asiyecheza, hilo ni jambo la mafundi. Kwa Badar, ambaye ana umri wa miaka thelathini na mbili na hana maskani nyingine ya kupigia soga, lilikuwa swali la kama atabaki na watu wa kukaa nao Jumapili.

Baraza la nyumba hii ni la mawe, limepakwa saruji nyekundu, na linakwenda urefu wote wa ukuta wa mbele. Hapo ndipo wanne hao walipokulia. Muhannad ni bin ami yake Badar, mkubwa wake kwa miaka mitatu, na Badar humwita kaka. Haroub alikaa nyumba ya mkabala. Kificho alikuwa wa mtaa huo huo, lakini wazee wake walitoka Tumbatu, na hakuacha kuwakumbusha wenzake kwamba watu wa mjini hata ndoana hawajui kuifunga. Kila Jumapili, baada ya sala ya Alasiri, walicheza dhumna hapo nje. Walioshindwa walizomewa, wakapisha wengine.

Baraza lilikuwa na taratibu zake ambazo hakuna aliyeziandika. Mwenye nyumba ndiye atoaye kahawa. Mvua ikinyesha, mchezo huingizwa ukumbini, nyumba hiyo hiyo, haupelekwi kwa jirani. Na kahawa ya mwenyeji haitiwi ila. Siku moja mzee Zahor, baba yake Badar, alitoa kahawa iliyopikwa kwa maji ya kisima kilichoingia chumvi. Waliokaa wakanywa, wakaongezwa, wakanywa tena, wakashukuru. Hakuna aliyesema neno mpaka mzee mwenyewe alipoonja kikombe chake, akakimwaga mtaroni.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza.

"Tulidhani ndiyo mapishi mapya, mzee," alijibu Kificho.

Muhannad aliondoka kwenda Maskati mwaka 1996 na sasa anafanya kazi katika ofisi ya bima. Haroub alifuata, Toronto, ambako ni fundi wa mabomba. Kificho alikwenda London mwaka 2001 na anaendesha gari la kupeleka mizigo majumbani. Badar hakuondoka. Akiulizwa sababu, hujibu kwa sauti ile ile anayowaambia wateja kwamba dakika zao zimekwisha.

"Kulikuwa na mgonjwa ndani ya nyumba," anasema. "Halafu hakukuwa na mgonjwa, na mie nkawa nshabaki."

Mgonjwa huyo alikuwa baba yake. Baada ya mazishi, baraza liliendelea kuwa pale, lakini dhumna ilifungwa mfukoni ikatiwa kabatini. Badar alijifunza kompyuta kwa mtu mmoja mtaa wa Vuga, akaoa, akapata binti, akafungua duka. Mkewe, Muzna, ni mwalimu wa skuli ya msingi, na ndiye anayemweleza vizuri kuliko yeye mwenyewe.

"Mume wangu hakasiriki, hafurahi," anasema Muzna. "Ukimwambia nyumba inaungua, atakuuliza chumba gani."

Mchezo ulikuwa fikra ya Muhannad. Alimpigia Badar mara tu aliposikia kuwa duka limefunguliwa, akamwambia kwamba wanawe wanacheza na watu wasiowajua, na kwamba haoni kwa nini yeye asicheze na watu anaowajua. Uwanja ulikuwa mji wa magofu, wenye vichochoro na milango mizito. Wangegawana wawili kwa wawili, kama kwenye dhumna. Kificho alipoziona zile njia alisema: "Hapa ni Malindi hapa, ila hakuna mavi ya paka."

Likabaki suala la seva. Katika michezo ya namna hii, mahali ilipo seva ndipo penye haki na dhuluma. Mchezaji akifyatua risasi, habari husafiri hadi kwenye seva, na jibu hurudi kwake. Muda wa safari hiyo, kwenda na kurudi, wachezaji huuita pingi, na hupimwa kwa milisekunde, yaani vipande elfu vya sekunde moja. Pingi ya hamsini haihisiwi. Ya mia na hamsini huvumilika. Ikipita mia tatu, mtu anapigana na vivuli: anayemwona mbele yake hayupo tena pale.

Mjadala wa mwaka 2005 ulifanyika kwa vipaza sauti vya kompyuta, wote wanne wakiwa hewani.

"London ndiyo katikati ya dunia," alisema Kificho. "Wenyewe ndivyo walivyoichora ramani. Seva iwekwe kwangu."

"Kwako wapi?" aliuliza Muhannad. "Chumba unapangisha. Twende sote tukakae kitandani kwako, na yule bibi wa Kizungu mwenye nyumba atutolee kahawa?"

"Atatoa chai. Na atatuuliza tunaondoka saa ngapi."

"Huku Zanzibar ni dishi," alisema Badar. "Itachelewa."

"Itachelewa kidogo, tutazoea," alisema Muhannad. "Baraza lina nyumba yake, bwana. Nyumba iko Malindi. Tushamaliza."

Wakamaliza. Hakuna aliyepima kitu. Muhannad alikuwa mkubwa wao, naye alikuwa amesema neno ambalo lingekuwa kweli kabisa kama lingesemwa juu ya baraza la mawe.

Badar alikuwa fundi, na onyo lake lilikuwa sahihi. Zanzibar haina waya wa intaneti unaopita chini ya bahari. Dishi lililo juu ya paa la nyumba yake hurusha ujumbe hadi kwenye setilaiti, mbali sana juu ya dunia, na setilaiti huuteremsha kwenye kituo kimoja Ulaya. Kutoka hapo ndipo ujumbe huanza safari yake ya kawaida. Mtu wa Malindi akimwandikia mtu wa Michenzani, mwendo wa kutembea kwa miguu, barua hiyo hupaa angani, hushuka Ulaya, hupaa tena, na hushuka Michenzani. Safari ya kwenda na kurudi kutoka dukani kwa Badar hadi mji wowote wa Ulaya huchukua zaidi ya milisekunde mia sita. Haidhuru mji gani.

Kwa hiyo, seva ilipokaa chini ya ngazi, Kificho alicheza kwa pingi ya mia sita na arubaini, Haroub kwa mia saba na ushei, na Muhannad, ambaye ujumbe wake ulitoka Maskati ukaenda kwanza Ulaya kabla ya kupaa, kwa zaidi ya mia nane. Badar alicheza kwa pingi ya moja.

Akashinda. Alishinda Jumapili baada ya Jumapili, saa kumi na nusu za alasiri kwa saa za Zanzibar, wakati Maskati watu wametoka kazini, London wameshakula cha mchana na Toronto ndio kwanza wanakunywa chai. Aliyekuwa upande wake alishinda pamoja naye. Walimwita mwenye baraza.

"Mwenye baraza ana macho kisogoni," Haroub alikuwa akisema.

"Huyu si mtu, huyu jini la pale msikitini," alisema Kificho. "Badar, tupunguzie, sie wana wa watu!"

Nambari za pingi zilionekana muda wote, kila moja ubavuni mwa jina la mchezaji. Badar alikuwa akiziona. Aliuliza mara moja, mwaka wa kwanza, kama mchezo unawasumbua. Wakamjibu kwamba kwao unakwenda vizuri. Hakuuliza tena.

"Nliziona," anasema. "Nlidhani washazoea."

Mwezi Mei mwaka huu umeme unaotoka Bara ulikatika Unguja nzima, na haukurudi mpaka katikati ya Juni. Pampu zilisimama, watu wakarudia ndoo na visima. Waliokuwa na majenereta waliyawasha, na mji ukanuka mafuta. Badar alikuwa na jenereta dogo. Hakuliwashia duka; aliliwashia friji, kwa sababu jirani yake, Bi Mwanakheir, alihifadhi humo dawa yake ya sukari. Seva ilizimika usiku wa kwanza.

Nyumba zilikuwa na joto na televisheni zilikuwa kimya, basi watu walitoka nje. Baraza la mzee Zahor lilijaa kwa mara ya kwanza tangu alipofariki. Badar alitoa dhumna kabatini. Aliyekaa naye zaidi alikuwa Mkadam, seremala wa nyumba ya pili, ambaye kwa miaka walikuwa wakiamkiana tu na kupita. Mkadam alikuwa mchezaji mbaya mwenye makelele. Akipiga kete, vikombe vilihama. Muzna alitoa kahawa. Badar hasemi kama alifurahia siku hizo. Anasema kwamba Mkadam alikuwa akisahau zamu.

Umeme uliporudi, ilikuwa Jumatano, Mkadam alikwenda kutazama taarifa ya habari na hakutoka tena. Wengine vile vile. Badar alirudisha dhumna kabatini, akawasha mashine ya chini ya ngazi, akangojea dishi lishike. Siku ya pili Muhannad alimpigia simu.

"Assalaam alaykum, Badar. Poleni na kiza."

"Waalaykumu salaam, kaka. Tushapoa. Seva nshaiwasha, Jumapili kama kawaida."

Simu za nje huwa na ukimya wake mdogo kabla ya jibu. Badar aliungojea upite.

"Kificho kakodi mashine London," alisema Muhannad. "Nyie mlipokuwa hamna umeme. Tukasema tusikae bure."

"Vizuri."

"Tumecheza kila Jumapili."

"Inakwendaje?"

"Inakwenda, alhamdulillahi."

"Pingi yako ngapi?"

"Badar, yakhe..."

"Nnauliza tu. Ngapi?"

"Mia na sitini. Mia na sabini ikizidi."

"Na kwangu ilikuwa ikikusumbua?"

"Kwako ni nyumbani."

"Sikukuuliza hivyo, kaka."

Muhannad alishusha pumzi. "Mie nlikuwa nkifa kabla sijamuona mtu. Miaka mitatu. Ukiniona nafyatua hovyo, nlikuwa napiga mahali nlipodhani utakuwa ushafika. Kificho alikuwa akiua kuta. Haroub alikuwa akijifungia chooni mpaka mchezo uishe, wallahi, kile choo cha humo mchezoni, karibu na ngazi."

"Na mkicheka."

"Tulikuwa tukicheka kweli. Hilo si uongo. Wewe ulikuwa ukifurahi."

"Nlikuwa nkifurahi?" aliuliza Badar.

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Muhannad akamuulizia binti yake.

Jumapili hiyo Badar aliingia kwenye seva ya London. Kificho alikuwa ameipa jina lile lile: Baraza la Malindi.

"Huyo mwenye baraza!" alipiga ukelele Kificho. "Karibu ughaibuni! Viza umepata wapi?"

"Nimepita dirishani," alijibu Badar.

Jibu lake lilifika wakati wenzake wameshaingia katika mazungumzo ya gari bovu la Haroub. Haroub akacheka peke yake, akachelewa, kisha akaeleza anachocheka. Mchezo ukaanza. Badar na Haroub walikuwa upande mmoja.

Badar alipita kichochoro cha kwanza, akamwona Kificho mlangoni, akalenga, akafyatua. Skrini yake ikawa nyekundu. Kificho alikuwa keshapita mlango ule, keshazunguka, na keshampiga kutoka nyuma, na hayo yote yalikuwa yametokea kabla Badar hajamwona mlangoni. Mara ya pili alikuwa bado anatembea alipoambiwa kwamba amekufa. Kwenye skrini yake alikuwa anakwenda. Kwenye skrini zao alikuwa amelala chini.

"Yakhe, sogea!" alisema Kificho. "Mbona umesimama kama mnara wa saa wa Beit el Ajaib?"

"Nnakwenda."

"Hwendi. Umesimama."

"Kwangu nnakwenda."

Akafa tena. Haroub alijaribu kumkinga, naye akafa. Walipoanza upya, Badar aliingia katika ua wenye mlango mmoja, akabaki hapo. Kificho akatokea. Kwa nambari zilivyokuwa, Kificho alikuwa na nafasi ya kulenga, kufyatua, na kujipangusa jasho kabla Badar hajajua kuwa yumo. Hakufyatua. Alimpita mlangoni, akaenda zake kumtafuta Haroub.

"Umeniona?" aliuliza Badar.

"Wapi?" alisema Kificho. "Sikuona mtu."

Badar aliijua kahawa hiyo ya chumvi. Alikuwa amewanywesha watu kwa miaka mitatu, na sasa alikuwa amemiminiwa. Alimaliza mchezo ule, akaaga, akasema ana mteja. Dukani hakukuwa na mteja.

Wiki iliyofuata aliwaomba wote watatu wapime. Aliwatajia miji: London, Frankfurt, Dubai, New York. Kila mmoja apime pingi kutoka kwake hadi kila mji, saa za mchezo, amletee. Kificho alilalamika kwamba hajawahi kupewa kazi ya nyumbani tangu skuli ya Haile Selassie, na hata huko hakuifanya. Lakini alipima.

Kuna njia nyingi za kuchagua. Wengi hutafuta wastani. Badar anasema wastani ni uongo: watatu wakicheza vizuri na mmoja asicheze kabisa, wastani utasema mambo si mabaya. Kanuni yake ni nyingine. Katika kila mji aliangalia mtu mmoja tu, yule aliye mbali kuliko wote. Mji bora ni ule ambao mtu huyo ana unafuu.

Alipojaribu kanuni hiyo kwa watu wanne, haikumpa jibu. Seva ikiwekwa Malindi, wa mwisho ni Muhannad, kwa zaidi ya mia nane. Ikiwekwa London, wa mwisho ni Badar, kwa mia sita na ushei. Frankfurt, Badar, mia sita na ushei. Dubai na New York, Badar, na ni mbaya zaidi. Malindi ilikuwa imeshatoka. Kati ya miji ya Ulaya hakukuwa na tofauti, kwa sababu aliye mbali alikuwa mbali na yote sawa sawa.

Akajitoa katika hesabu. Ilipobaki ya watu watatu, jibu lilitoka papo hapo. London ilimfaa Kificho, ambaye ilikuwa mlangoni kwake, na Haroub. Lakini wa mwisho alikuwa Muhannad, na Frankfurt ilimpunguzia Muhannad safari bila kumdhuru Haroub kwa jambo la kuhisika.

Jumapili ya mwisho ya Juni waliingia wote wanne, wasicheze, wazungumze. Muhannad alianza kama mkubwa wao.

"Mie nimefikiri," alisema. "Irudi Malindi. Tumezoea. Baraza ni Malindi."

"Hukuzoea, kaka," alisema Badar. "Ulivumilia."

"Tubadilishane," alisema Haroub. "Jumapili moja kwetu, Jumapili moja kwako."

"Yaani Jumapili moja nyie mkae chooni, Jumapili moja nkae mie."

"Kuna njia nyengine," alisema Kificho. Hakuwa akitania. "Nimeuliza watu hapa. Mtu anaweza kujichelewesha makusudi. Sote watatu tujifunge hizo mia sita, tuwe sawa na wewe. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo."

Muhannad akasema hiyo ndiyo haki. Haroub akakubali. Badar aliwaacha wamalize. Sauti zao zilimfikia zikiwa zimeshamalizika.

"Kificho," alisema, "siku ile ya maji ya chumvi, baba alipoonja, alifanya nini?"

"Alimwaga."

"Hakuwaambia mnywe na yeye anywe ili muwe sawa."

Badar hakungoja sauti zao zimfikie.

"Seva itakaa Frankfurt," alisema Badar. "Nshatafuta mahali, nshaijaribu. Muhannad atapata chini ya mia na hamsini. Haroub mia na kitu. Kificho hatahisi."

"Umeninyang'anya baraza!" alisema Kificho. "Wajerumani tena! Walitujengea majumba ya Michenzani, sasa wanachukua na Malindi?"

"Na wewe?" aliuliza Muhannad.

"Mchezo una nafasi ya mtazamaji," alisema Badar. "Ntakaa hapo. Anayetazama hahitaji kuwahi."

"Tutakuwa watatu. Wawili kwa mmoja?"

"Mtoto wako mkubwa ana miaka kumi na mitatu. Mtie."

"Baraza bila mwenyewe, Badar?"

"Mwenyewe yupo. Kakaa pembeni, katoa kahawa."

Wakalijadili jina. Haroub alitaka liitwe Baraza la Badar. Badar alisema jina lililopo linatosha, na kwamba kulibadilisha kutawapotezea muda wa kulitafuta. Hawakumpinga zaidi. Alikuwa mwenyeji, na hiyo ndiyo kahawa aliyokuwa ameitoa.

Muzna alikuwa ukumbini akisahihisha madaftari wakati mumewe alipozima kipaza sauti.

"Sasa Jumapili utakuwa unafanya nini, Baba Basma?"

"Ntatazama."

"Kama mie na tamthilia zangu."

"Kama wewe."

"Mie angalau nnalia," alisema Muzna, akarudi kwenye madaftari yake.

Inasemwa kwamba waya wa intaneti wa chini ya bahari utafika Dar es Salaam mwakani, na kwamba baadaye utavushwa hadi Unguja. Wateja wa Badar wanalizungumza sana. Yeye amefanya hesabu: waya huo ukifika, pingi yake hadi Frankfurt itakuwa chini ya mia mbili. Akiulizwa kama atarudi mchezoni siku hiyo, anajibu kwamba waya haujafika.

Jumapili ijayo, saa kumi na nusu, mchezo utaanza Frankfurt: Muhannad na mwanawe upande mmoja, Kificho na Haroub upande wa pili, na Badar akitazama. Jumatatu, mashine ya chini ya ngazi itaondolewa kanga, itatiwa skrini, na kupangwa pamoja na nyingine kwa wateja.